Turbo ikikataa kutulia, uliza gari liliguswa wapi mwisho

Ninyi mnaoingia gereji sasa, hasa mnaopenda Subaru za turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), nawapa habari za ugonjwa ulioniaibisha mbele ya watu. Gari barabarani lina nguvu zote, lakini likisimama kwenye foleni linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Mafundi husema limekosa sailensa, yaani injini haiwezi kuzunguka kwa utulivu bila mguu kwenye mafuta.

Kijana mmoja alituletea Subaru Impreza WRX hapa Ndeeba, Kampala. Sindano ya mizunguko ya injini kwa dakika inapanda hadi 1,100, inaporomoka hadi 500, inapanda tena. Injini ile ikiwa nzima, ikishapata moto hutulia kwenye 700 au 750 hivi. Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, na nilijua kila kitu. Nikabadilisha plagi nne. Kwenye Subaru hiyo si kazi ya dakika kumi: injini imelala, plagi zinatazama ubavuni, na vidole vinachubuka kwenye bodi. Nikaenda Kisekka, soko la vipuri, kutafuta koili za kuwashia plagi. Nikafunga. Nikarudi kutafuta sensa ya hewa. Hela ya mwenye gari ikaisha, ngoma haikuisha.

Mzee wetu alikuwa amekalia tairi, anakunywa chai. Mashine ya kusomea kompyuta hakuigusa. Alimwuliza kijana swali moja tu: "Ssebo, kabla halijaanza kuumwa, lilifanyiwa nini?" Kijana akasema limefungwa valvu ya kutoa upepo wa turbo nje, ile inayopiga psshh ukiachia mafuta. Mzee akainuka, akaweka kiganja kwenye mdomo wa valvu huku injini inawaka. Kiganja kikanyonywa. Alipokibana vizuri, sindano ikatulia kwenye 750. Akakiondoa, ngoma ikaanza upya. Akarudi kwenye chai yake bila kunitazama.

Sikilizeni ni kwa nini. Sensa ya hewa ya gari lile imekaa mwanzoni, karibu na filta, kabla ya turbo. Kompyuta inapima petroli kulingana na hewa iliyopita pale. Valvu ya kiwandani hurudisha upepo ndani ya mfereji wa hewa, kwa hiyo hesabu haiharibiki. Ile ya psshh imefunguka kwa nje. Springi yake ikiwa laini, mvuto wa manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) injini ikiwa chini unaiinua, na hewa inaingilia mlango wa nyuma bila kuhesabiwa. Petroli inakuwa kidogo kuliko hewa na silinda zinaanza kumisi, yaani kuruka mapigo. Ukikanyaga mafuta mvuto unaisha, valvu inajifunga, gari linapona. Ndiyo maana mwenye gari anakuapia kwamba barabarani halina tatizo, na ni kweli.

Tangu siku ile, gari lililoongezewa vitu siliamini mpaka nimeambiwa nani aligusa nini. Halafu natafuta hewa ya wizi: mipira midogo iliyopasuka, klampu zilizolegea, gasketi ya manifodi, tundu aliloacha mtu aliyeng'oa kifaa akasahau kuliziba. Moshi ndio bora kuliko vyote. Unaupuliza kwenye mfereji wa hewa injini ikiwa imezimwa, unaangalia unapotokea. Kuna wanaopulizia dawa ya kopo injini ikiwaka, wakasikiliza mlio ukibadilika. Mimi karibu na turbo ya moto siifanyi. Inashika moto.

Mashine ya kompyuta nayo ina kazi yake, ila soma namba kabla ya misimbo ya hitilafu. Angalia asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa gari limesimama inaongeza 20, na ukishikilia mizunguko 2,500 inashuka karibu na sifuri, hewa inaingia mahali. Ikiwa inazidi kupanda kadiri injini inavyofanya kazi ngumu zaidi, fikiria pampu ya petroli, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka. Huku kwetu vumbi la murram halina huruma, na wale wanaopaka mafuta mengi kwenye filta za wazi wanayafikisha mpaka kwenye waya wa sensa, vumbi likanata hapo.

Jambo jingine ambalo vitabu havikwambii. Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Geji ya mvuto wa manifodi ambayo Mombasa, kando ya bahari, ingesoma inchi 19 za zebaki, hapa itasoma 15 au 16 kwa injini ileile yenye afya. Nimewahi kuona injini ikitaka kufunguliwa kwa sababu ya hizo inchi tatu au nne.

Ikiwa hakuna hewa ya wizi na bado linamisi, chomoa waya wa injekta (kinachopulizia petroli) moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiichomoa injini haijali, silinda yake ndiyo iliyolala. Hapo sasa hamisha koili, kisha plagi, na ugonjwa ukibaki palepale pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Na usikimbize mlio: mabomba ya ekzosti ya Subaru nyingi za zamani hayalingani urefu, na yale mapigo ya gudu-gudu ndiyo sauti yake. Kamshafti za mbio nazo hazitulii kamwe, waambie wenye nazo wazoee.

Ile valvu tuliiwekea springi ngumu zaidi, tukajaribu tena kwa kiganja, haikunyonya. Kijana alipokuja kuchukua gari lake alisikiliza injini kidogo tu, akaniuliza kwa wasiwasi kama bado itapiga psshh.