Mtoto yuko kwenye mashine, fizio anataka kumzoeza kupumua: yaliyonipata Kisumu

Dada wa Ahero, pole sana. Umesema binti yako wa miaka 7 amemaliza wiki ya 3 kwenye mashine ya kupumulia kwa sababu ya Guillain-Barré, ule ugonjwa wa neva unaolegeza mwili, na sasa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anataka kuanza kuizoeza misuli yake ya kupumua, nawe unaona ni kumtesa tu. Kijana wangu alipitia hayo hapa Kisumu akiwa na miaka 9. Mimi nauza mitumba soko la Kibuye, udaktari siujui, nasimulia niliyoyaona nikiwa kando ya kitanda.

Kwake ilianza kwa kuharisha. Siku kadhaa baadaye miguu ikakataa kumbeba, ikafuata mikono, mwisho hata mate hakuweza kumeza. Niliambiwa kinga ya mwili ilipomaliza kupigana na vijidudu vya tumbo iligeukia neva zake. Mashine ilimwokoa, hilo silibishi. Ila mashine ikikupumulia, dayaframu inakaa bure. Ni ule msuli ulio chini ya mapafu, umejikunja kama bakuli lililofudikizwa, na ukikosa kazi unanyauka haraka ajabu. Fizio alinitajia utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008: watu wazima waliokuwa kwenye mashine kati ya saa 18 na 69 tu, na nyuzi za msuli huo zilikuwa zimeshakonda. Wangu alikuwa na mwezi mzima. Kwa hivyo hata neva zikiamka, zinakuta msuli umelegea.

Kifaa chenyewe ni kidude cha plastiki cha kutia mfukoni, ndani kina springi na kilango. Mtoto alikuwa ameshatobolewa koo, wakawa wanakichomeka kwenye ule mrija wa shingoni. Kwanza walimpima nguvu: hewa ikazibwa kwa muda mfupi, akaambiwa avute kwa uwezo wake wote. Akapata 24. Hizo ni sentimita za maji, ndivyo wanavyopima. Springi ikakazwa kwenye 9, maana yake kilango hakifunguki mpaka avute kufikia hapo. Anavuta pumzi 6, anarudishwa kwenye mashine apumzike, halafu tena 6. Mara 4, basi mpaka kesho. Mimi nilidhani watamkalisha hapo asubuhi nzima!

Siku ya kwanza nusura niwaambie waache. Pua zilimtanuka, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba, macho yote kwangu. Fizio akamwekea kiganja tumboni, akamwambia, "Baba, usivute na mabega. Sukuma mkono wangu." Pumzi ya 3 hivi nikaona ule mkono umeinuka kidogo, na kilango kikalia fyuu. Sauti hakuwa nayo, kwa hivyo walikubaliana alama: kope mara moja ni sawa, mara mbili nimechoka. Alipokonyeza mara mbili walisimama hapo hapo hata kama imebaki pumzi moja. Hiyo ndiyo ilimfanya awaamini.

Sasa kosa langu. Jumamosi moja fizio hayuko zamu, nami nimeshaona namba zinapanda, nikambembeleza sista amwongezee. Mtoto mwenyewe alikuwa na hamu. Akafanya mara mbili ya kawaida, kisha akaachwa nje ya mashine muda mrefu tuone. Kufika jioni jasho linamtoka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta, mapigo ya moyo juu. Akarudishwa kwenye mashine, na siku 2 nzima hakufanya chochote. Fizio aliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu, ukibeba bunda la mitumba asubuhi na jioni bila kulala, siku ya 3 utalibeba? Msuli unajengeka ukiwa umepumzika. Na kwa ugonjwa huu ni hatari zaidi, kwa sababu neva bado mbichi.

Kwa hivyo usiogope mazoezi, ogopa haraka. Kabla ya kuanza wangu walihakikisha kwamba udhaifu umeacha kupanda, homa hakuna, oksijeni anayohitaji ni kidogo, na yuko macho anaelewa anachoambiwa. Yule mama aliyeandika kabla yako kwamba ana mtoto wa miezi 5, hiki kifaa si chake. Kwa wadogo namna hiyo wanapunguza dawa za usingizi na msaada wa mashine kidogo kidogo. Na mtoto mwenye ugonjwa wa kuzaliwa nao unaokula misuli, hesabu yake ni nyingine kabisa, usinakili yangu.

Wiki ya 3 ya mazoezi alipimwa akapata 41. Akaanza kukaa nje ya mashine kwa muda wa saa 2, kisha saa 6, kisha mchana kutwa. Usiku ndio ulikuwa wa mwisho kuachana na mashine. Sitakudanganya kwamba ni kifaa peke yake, neva nazo zilikuwa zinapona, na fizio alisema wazi kwamba utafiti mwingi ni wa watu wazima, wa watoto bado mdogo.

Nilikuwa na daftari la madeni ya wateja. Nyuma yake ndiko nilikoandika namba zake kila siku: springi ngapi, pumzi ngapi, amekonyeza saa ngapi. Madaktari wa zamu walikuwa wakiniomba walione. Kesho fizio akija, muulize kipimo cha kwanza cha binti ni ngapi, na wikendi nani atakuwepo.