Kabla ya kumeza dawa ya malaria tena, pima damu

Dada wa Nakuru uliyeuliza juzi: una miaka 31, unalala masaa manane na kuamka kama hukulala, umemeza dawa za malaria mara tatu mwaka huu bila kupimwa, na nyumbani wanakuita mvivu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu miaka minne iliyopita hayo yalikuwa yangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu. Uchovu uliniingia polepole hata siwezi kusema ulianza lini. Kwanza niliacha kusimama nikifundisha, nikawa naketi na kuwaita watoto waje mezani. Halafu ngazi za darasa la juu zikanishinda: nafika katikati, nashika ukuta, moyo unadunda. Duka la dawa likasema malaria, na huku kwetu ziwani nani atabisha? Nikameza. Mara nyingine nikaambiwa taifodi, nikadungwa sindano siku tano. Baadaye nilielezwa kwamba kile kipimo cha taifodi kiitwacho Widal husoma kinga ya mwili, na kinga hiyo yaweza kuwa imebaki kutoka ugonjwa wa zamani. Kikisema ndiyo, bado hakijathibitisha kitu.

Kuna jambo sikumwambia mtu. Nilikuwa nakula odowa, ule udongo mgumu unaouzwa vipande vipande sokoni Kibuye. Kipande kimoja mkobani, kingine kwenye droo ya shuleni. Niliona haya sana, nikidhani ni tabia mbaya tu. Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza kwa upole: "Mwalimu, unatamani udongo? Na hedhi yako huchukua siku ngapi?" Nikamjibu siku nane au tisa, na zile za kwanza nabadilisha pedi karibu kila saa. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo sikuwahi kufikiri ni ugonjwa. Akanipima himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu: 7.2. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa kuwa na 12 au zaidi.

Wengi wetu hukomea hapo. Unapewa vidonge vya chuma vya kuongeza damu, unarudi nyumbani. Yule muuguzi alikataa. Alitaka kujua damu inakwenda wapi. Skani ikaonyesha uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, nikatibiwa. Nisingetibiwa, ningekuwa najaza mtungi uliotoboka. Kwa mwingine ni minyoo ya safura, au kichocho kwa wanaooga na kufua ziwani, au vidonda vya tumbo kwa anayemeza dawa za maumivu kila siku. Uliza swali hilo hata kama daktari ana haraka.

Vidonge nilivimeza asubuhi kabla ya kula, pamoja na maji ya chungwa. Chai ndiyo iliyoniponza mwanzoni. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini, nami nilikuwa namezea hiyo hiyo. Nikaisogeza hadi masaa mawili baada ya vidonge. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Omena, maini, maharagwe na osuga (mboga ya mnavu) vinasaidia, lakini kwa damu iliyoshuka kama yangu chakula peke yake hakitoshi. Baada ya wiki nne himoglobini ilisoma 9.1, baada ya miezi mitatu 12.3, na bado nikaambiwa niendelee miezi mitatu zaidi ili akiba ya chuma ijae. Hamu ya odowa iliondoka hata kabla ya nguvu kurudi. Siku moja nilikikuta kile kipande kwenye droo, nikashangaa nilikuwa nakitakia nini.

Yako huenda isiwe damu. Omba himoglobini na pia feritini, kipimo cha akiba ya chuma, kwa maana akiba ya chuma yaweza kuisha huku himoglobini ikionekana sawa. Omba sukari, tezi ya shingo, VVU, na mimba kama inawezekana. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au unapungua uzito, nenda upimwe kifua kikuu wiki hii, usingoje. Kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini, sema. Kama moyo umekuwa mzito na hakuna kinachokufurahisha, hilo nalo sema; ni ugonjwa unaotibika. Na wapo ambao vipimo vyote ni sawa, ila wakijikaza leo, kesho na keshokutwa hawatoki kitandani. Hao wasilazimishwe mazoezi; wagawe kazi zao kidogo kidogo na watafute daktari anayewaamini.

Tafadhali usijinunulie vidonge vya chuma kabla ya kupimwa. Kwetu magharibi seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nyingi, na si kila damu iliyopungua inahitaji chuma.

Ukishapima, andika hapa himoglobini imesoma ngapi na hedhi yako ikoje. Mimi huingia jioni nikimaliza kusahihisha.