Nondo wetu wa darasani hali chochote: tumpe nini?

SWALI: Salaam aleikum daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisauni, Mombasa. Likizo ya Desemba nilikuwa kwetu Kwale, nikaona kwenye tawi la mng'ongo kitu kama yai la fedha, kimetoboka matundu madogo madogo kila upande. Nikaja nacho darasani, nikakiweka kwenye boksi la viatu nikidhani kimekufa zamani. Jana, mvua zilipoanza, tukakuta ametoka nondo mkubwa wa manjano na kijani, ana mikia miwili mirefu. Watoto wamemletea maji ya sukari, ndizi mbivu, dafu, hata maua ya asumini. Hagusi. Je, anaumwa? Yale matundu ni ya mdudu aliyetaka kumla? Na mikia ile yamfaa nini?

JIBU: Waalaikum salaam, mwalimu. Nianze na lililo la haraka, kwa maana mgeni wenu hana siku nyingi. Haumwi, na msimpe chochote. Hana kinywa cha kulia.

Huyo ni Argema mimosae, nondo wa misitu mikavu na nyika zenye miti, kuanzia huku kwetu Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini. Mabawa yake yakinyooshwa hufika sentimita 10 hadi 12. Tangu atoke kwenye kifuko, hilo yai lako la fedha, hadi afe hali wala hanywi. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini alipokuwa kiwavi. Akiba hiyo humfikisha kama wiki moja, pengine isifike, na kila anapopapatika ndani ya boksi anaitumia bure.

Mlaji alikuwa yule kiwavi: mnene, wa kijani, mwenye vinundu vya nyama mgongoni, anayetafuna majani usiku na mchana na kujivua ngozi kila inapombana. Chakula chake ni majani ya mng'ongo, na pia ya miti ya jamii ya manemane, ile ambayo watu huchomeka vijiti vyake ardhini vikashika na kuwa ua. Akishashiba kwa maisha yake yote, husokota kifuko cha hariri, akageuka pupa humo ndani, yaani hatua ya kutulia kati ya kiwavi na nondo. Kiangazi kikimkuta humo hutulia tu, miezi kadhaa, mti wake ukiwa hauna jani. Ndiyo maana uliona kitu kikavu. Alikuwa akingoja mvua, kwani nondo akitoka kabla ya majani kuchipua, watoto wake watazaliwa hawana cha kula.

Sasa matundu. Swali hili limenifurahisha, kwa kuwa wengi hukitupa kifuko wakidhani kimeliwa. Matundu yale ameyaacha kiwavi mwenyewe alipokuwa akisokota. Mvua ya masika ikipiga, maji yakiingia yanapata pa kutokea, na pupa hazami ndani ya nyumba yake. Kifuko kilichovamiwa huwa na alama nyingine. Wapo nyigu na nzi wanaotaga mayai juu ya kiwavi angali hai. Mabuu yao humla kwa ndani, na wakikomaa hutoboa njia ya kutokea. Tundu lao huonekana limekatwa baadaye, nyuzi zake zimechanika, wakati yale ya kiwavi kingo zake ni laini na yametapakaa kotekote. Tafadhali waoneshe watoto tofauti hiyo kwa macho, na wembe usitumike. Nilipokuwa mwanafunzi nilipasua kifuko kizima nipate kuona kilichomo, nikamkata pupa aliyekuwa hai. Sijapasua kingine tangu siku ile.

Mikia nayo ina kisa chake. Nondo huyu na jamaa zake hawana masikio, kwa hiyo popo akija hawamsikii. (Nasema popo wadogo wanaowinda wadudu, wale wakubwa wanaokula maembe yetu hawana habari naye.) Popo huyo humtafuta kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Nondo anaporuka, ncha za mikia huzunguka na kurudisha mwangwi wake peke yake, nyuma kabisa ya mwili. Popo huushambulia mkia, akaondoka na kipande, nondo akaenda zake. Hili limepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa jamaa yake wa huko, Actias luna: waliokuwa na mikia, popo waliwakamata kama 35 katika kila 100, waliokatwa mikia, 81. Mwaka 2018 baadhi ya watafiti hao wakachapisha majaribio mengine, safari hii wakiwatumia na hawa wa kwetu, wakaona kadiri mkia unavyorefuka ndivyo nondo anavyozidi kuponyoka. Kwa hiyo mkimwona mwenye mkia uliokatika, msimhurumie sana. Mkia umeshafanya kazi yake.

Mtazameni sasa kichwani. Vipapasio vikiwa vipana kama unyoya, ni dume. Vikiwa vyembamba na tumbo nene, ni jike, na ndani ya tumbo hilo mna mayai. Jike haendi kutafuta mume. Hutua mahali usiku na kutoa harufu, na madume huifuata kwa vile vipapasio. Hapo Kisauni, katikati ya nyumba na taa za ulinzi, sidhani kama kuna dume wa kuipokea, naye asipopandwa atataga mayai yasiyoanguliwa.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningemvusha feri leo hii. Mweke kwenye boksi refu lenye kijiti cha kujishikilia, mikia isikunjike, msimfunike kwa nailoni. Mfikishe Kwale jua likizama, mkamwache kwenye mng'ongo ule ule, mbali na taa.

Na ukifika, utazame mti wenyewe. Mng'ongo una dume na jike, na dume halizai, hivyo mtu akitaka kuni au nafasi ya kulima huanza kwa kulikata hilo. Waombe wa nyumbani waliache. Kiwavi hula majani, tunda halimhusu.

Kifuko kitupu kibaki darasani. Kitikiseni: ganda la pupa litacheza ndani, na kusini mwa Afrika wachezaji ngoma hufunga vifuko vya namna hiyo miguuni viwe njuga. Kisha mtoto mmoja akimwagie maji kwa kikombe, wengine wahesabu ni matundu mangapi yanayoyatoa.