Mzuka wa kuongoza biashara umekata, rock inaweza kusaidia?

Ndugu yangu nimekusoma vizuri, una ofisi ya uchapaji na vijana watano, mmoja unataka kumtimua, mzuka umeisha, kinachokuamsha asubuhi ni muziki wa rock tu na washkaji wanakucheka. Waache wacheke, humo kuna shule kubwa sana ya uongozi.

Anza na Def Leppard, bendi ya rock ya Uingereza. Mwisho wa 1984 mpiga dramu wao Rick Allen alipata ajali ya gari akapoteza mkono wa kushoto, wenzake hawakumtafutia mbadala, walimsubiri, akatengenezewa dramu za umeme zenye pedali anazokanyaga kwa mguu kufanya kazi ya ule mkono, na albamu yao ya 1987 Hysteria ikauza zaidi ya kopi milioni 20!! Sasa yule kijana unayetaka kumtimua, hana uwezo kweli au hujampa kazi na kifaa kinachomfaa? Kaa naye kwanza wiki hii mwongee.

Queen nao, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Zanzibar, walikuwa wanavutana nani katunga nini maana hela ya utunzi ilikuwa humo, kwenye albamu ya 1989 wakaandika nyimbo zote kwa jina la bendi. Wewe jaribu bonasi ya timu nzima, ila piga hesabu na mhasibu kabla hujaahidi hela ambayo huna.

Pombe na unga wao usiige. Na ukiona usingizi hauji na hata muziki wenyewe haukusisimui tena, muone daktari au mshauri nasaha mapema, usisubiri.