Niulizeje kabila kwenye hojaji?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni juu ya mahusiano ya makabila Likoni, Mombasa. Msimamizi wangu anataka hojaji iwe na orodha ya makabila, mhojiwa atie alama. Nilipoijaribu, wengine waliniambia "mimi Mpwani", wengine "mimi Mkenya tu", na karibu wote wakasema hawana neno na jirani wa kabila jingine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza, majibu hayo usiyafute. Likoni, mpaka unaowagusa watu mara nyingi ni ule wa wapwani na watu wa bara, na una historia nzito. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha mashambulizi yakawaandama watu wa bara. Waliuawa watu, na maelfu wakahama makwao. Mtu wa makamo pale anayakumbuka hayo vizuri. Ukimjia na kalamu na orodha ya makabila, kabla hajajibu ameshajiuliza wewe umetoka wapi na orodha hiyo inapelekwa kwa nani.

Kwa hiyo anza na swali lililo wazi: "Mtu akikuuliza wewe ni wa wapi, au ni wa watu gani, humjibuje?" Andika neno lake hasa, hata likiwa "Mkenya tu". Orodha ya msimamizi wako iweke mwisho wa mahojiano, maana utaihitaji ukitaka kulinganisha na sensa ya 2019. Ruhusu jibu zaidi ya moja. Likoni hukosi mtu ambaye mama ni Mdigo na baba Mkamba.

Tena orodha zenyewe hubadilika. Wamakonde wa Kwale, hapo jirani yako, walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya baada ya kuandamana kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016. Jina Mijikenda, linalokusanya makabila tisa ya pwani wakiwamo Wadigo, lilishika kwenye miaka ya 1940. Na mzee wa Mombasa aliye katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, huenda akakwambia yeye ni Mkilindini au Mtangana. Ukimtia kwenye kisanduku cha "Mswahili" umepoteza alichokwambia.

Sasa hilo la "hatuna neno". Swali la kama mtu anaelewana na makabila mengine, mimi ningelitoa kabisa. Huo ni mtihani wa adabu, na watu wetu wanaufaulu. Uliza alichofanya: mara ya mwisho alipopungukiwa alimkopa nani? Akisafiri, ufunguo humwachia nani? Kwenye chama chake cha kuweka akiba wamo watu gani? Harusi ya mwisho aliyochangia ilikuwa ya nani? Mhojiwa akishakutajia mtu, ndipo uulize mtu huyo ni wa wapi. Mama anayesema "hapa sote ndugu" anaweza kukutajia watu watano wa kumkopesha, wote wa kwao.

Wala usihesabu kila kukutana kuwa ni ujirani. Mwanasaikolojia Mmarekani Gordon Allport, mwaka 1954, alieleza kwamba kukutana hupunguza chuki hasa pakiwa na usawa, lengo moja, ushirikiano na baraka za wenye mamlaka. Mpangaji na mwenye nyumba huonana kila mwezi kwa ajili ya kodi, ila usawa hapo hamna.

Kwenye kila fomu andika pia nani alihoji, mhojiwa angemdhania kabila gani kwa jina na lafudhi, walizungumza lugha gani, na tarehe. Tafiti za maoni barani Afrika zimeonyesha kuwa majibu hubadilika mhoji akiwa wa kabila la mhojiwa, na kwamba watu hujitambulisha zaidi kwa kabila uchaguzi wenye ushindani unapokaribia. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Agosti 2027. Ukiweza, maliza kazi ya uwandani mapema. Ukichelewa, tarehe hizo zitakusaidia kwenye uchambuzi.

Mbali na kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalihesabu kabila kuwa data nyeti. Majina yakae faili moja, majibu faili jingine, yaunganishwe kwa namba tu. Na msaidizi wako asipige picha fomu na kuzirusha WhatsApp, hata kama ni kwako wewe.