Nilitaka kuwa Keith Moon: maneno machache kwa mpiga dramu anayeanza

Nilipokuwa na miaka 19 niliing'oa haihati, yale matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu, kwenye seti yangu ya dramu kwa sababu moja tu: nilisikia Keith Moon alikuwa hajishughulishi nayo sana. Sikujiuliza yeye aliziba vipi pengo lake. Nilichojua ni kwamba yule mpiga dramu Mwingereza wa bendi ya roki ya The Who alikaa katikati ya msitu wa ngoma, akarusha vijiti hewani, akazipiga ngoma mateke shoo ikiisha, na watu wakampenda. Basi haihati nikaisukuma uvunguni mwa kitanda, nikaazima ngoma mbili za ziada, nikaenda mazoezini nikiwa nimevimba kichwa.

Wiki ya tatu mpiga besi wetu aliegesha gitaa ukutani akasema, "Kaka, mimi sijui nisimame wapi. Kila nikitafuta nafasi nakuta umeshafika wewe."

Nilikasirika siku nzima. Nilimwona hajui roki. Ilinichukua miaka kadhaa kugundua kwamba asiyemjua Moon nilikuwa mimi, na nimeona wapiga dramu vijana wengi wakipitia njia hiyohiyo, kwa hiyo naandika.

Moon alizaliwa London tarehe 23 Agosti 1946, akakulia Wembley. Chombo chake cha kwanza kilikuwa baragumu, alilopuliza kwenye kikosi cha vijana wa majini kinachoitwa Sea Cadets, kabla ya kuhamia kwenye ngoma. Shule hakudumu nayo. Mwalimu wake wa muziki aliandika kwenye ripoti kwamba kijana ana uwezo mkubwa ila ajihadhari na tabia ya kujionyesha, na sidhani kama kuna mwalimu aliyewahi kupatia namna hiyo kwa sentensi moja. Baadaye kijana huyo alikwenda kwa Carlo Little, mpiga dramu wa mwimbaji wa roki Screaming Lord Sutch, akawa anamlipa shilingi 10 za Kiingereza kwa somo. Shilingi hizo napenda kuzitaja kila mara, maana watu huzungumza kana kwamba alizaliwa na kile kichaa mikononi. Alilipa ada, akafundishwa, akapiga na bendi iliyoitwa The Beachcombers, na alipoingia The Who mwaka 1964 alikuwa na miaka 17, mdogo kuliko wote.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kazi.

Bendi nyingi za roki zimejengwa hivi: dramu na besi zinashikana mikono, zinaweka sakafu, halafu gitaa na sauti vinacheza juu yake. The Who walikuwa wameigeuza nyumba. Aliyeshika mwendo kwa kiasi kikubwa alikuwa Pete Townshend, kwa zile kodi zake nzito, yaani nyuzi kadhaa za gitaa zinazolizwa kwa pamoja. John Entwistle alipiga besi kama mtu anayepiga gitaa la solo, akitembea juu na chini bila kutulia. Vyombo vilikuwa vitatu tu, na juu yake sauti ya Roger Daltrey. Gitaa la pili halikuwepo, kinanda hakikuwepo siku zile za mwanzo. Kwa hiyo palikuwa na uwazi mkubwa katikati, na Moon ndiye aliyeujaza. Ile mikong'oto yake, inayoanza pale ambapo mpiga dramu mwingine angenyamaza, inamfuata mwimbaji. Ukisikiliza vizuri utamkuta anapumua pale Daltrey anapopumua, anapanda pale neno linapopanda, na toazi linalia mwishoni mwa mstari wa shairi kama nukta.

Bendi yangu sisi tulikuwa watano. Magitaa mawili, kinanda, besi, na mimi. Uwazi wa kujaza haukuwepo hata wa kupitisha sindano, nami nikaja na ngoma saba. Kabla hujaiga mtindo wa mpiga dramu yeyote, kaa chini na ujiulize kwenye bendi yenu nani anashika mwendo, na nani ameacha nafasi. Kama jibu la swali la kwanza ni wewe peke yako, rudisha haihati yako, ndugu yangu.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni la aibu kidogo. Nilijirekodi nikiimba nyimbo zetu bila chombo chochote (sauti yangu ni ya kufukuzia kunguru, rekodi hizo haziendi popote), kisha nikazisikiliza kwa visikizi huku nikipiga dramu. Sharti lilikuwa moja: nisipige chochote ambacho hakijibu neno. Siku za mwanzo nilipiga kidogo mno, nikahisi uvivu. Baada ya mwezi hivi nikaanza kusikia mahali ambapo wimbo wenyewe unaomba kugongwa.

Wapo wanaosema Moon hakuweza kushika kasi. Alikuwa anakimbia, ni kweli, rekodi za jukwaani zinamuumbua. Lakini mwaka 1971 The Who walitoa nyimbo kama "Baba O'Riley" na "Won't Get Fooled Again", ambazo zina sauti ya kinanda cha umeme inayozunguka kwa mwendo wake yenyewe. Jukwaani sauti hiyo ilitoka kwenye mkanda, na mkanda haumngoji mtu. Moon alivaa visikizi vikubwa, nyakati nyingine vikafungwa kichwani kwa utepe wa gundi ili visiruke, akaufuata, na bado akapiga kama Moon. Mimi mara ya kwanza kupiga na metronomu, kile kifaa kinachogonga mwendo sawasawa, nilidhani imeharibika.

Jambo jingine lililonishangaza nilipolijua: hakupenda solo za dramu. Enzi zile bendi kubwa zilimpa mpiga dramu robo saa nzima jukwaani peke yake, wenzake wakaenda kuvuta sigara. Yeye, mpenda kujionyesha namba moja, alikataa. Nadhani sababu ni ileile ya kumfuata mwimbaji. Alihitaji mtu wa kubishana naye.

Vituko, sasa. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya hivi. Alilipua vyoo vya hoteli kwa fataki, hilo halina ubishi. Sherehe yake ya kutimiza miaka 21, mwaka 1967 kwenye hoteli moja ya Flint, Michigan, iliisha jino lake la mbele likiwa limevunjika. Hadithi maarufu kwamba usiku huo aliendesha gari hadi ndani ya bwawa la kuogelea aliipenda na kuisimulia mwenyewe, ila waliokuwepo hawakubaliani, na wengine wanasema hakuna gari lililozama. Mwezi uliofuata, kwenye kipindi cha televisheni Marekani, baruti iliwekwa ndani ya ngoma yake kubwa kwa ajili ya kufunga wimbo kwa kishindo. Iliwekwa nyingi kupita kiasi. Kipande cha toazi kikamkata mkono, na Townshend, aliyekuwa karibu, amelitaja tukio hilo mara nyingi anapozungumzia matatizo yake ya kusikia.

Mimi niliwahi kuipiga teke seti ya dramu mwisho wa shoo. Watu walishangilia kwa sekunde kumi hivi. Ngoma ya chini ilipasuka ukingo, na haikuwa yangu, nikailipa kwa miezi minne. Moon alikuwa na kampuni ya Premier iliyomtengenezea seti. Wewe una nani?

Na masikio, tafadhali. Nunua vizibo vya masikio kabla ya kununua toazi la pili. Mimi nilivaa nikiwa nimechelewa, sasa kila usiku nina mbu mmoja sikio la kushoto ambaye haumi na haondoki.

Nilikuwa nacheka kila hadithi ya Moon mpaka nilipofika mwaka 1970. Tarehe 4 Januari mwaka huo, nje ya baa moja mjini Hatfield, kundi la watu lilizingira gari lake. Dereva na mlinzi wake, Neil Boland, alishuka kulitawanya. Gari likaondoka, Moon akiwa ndani, na Boland akafa chini yake. Uchunguzi ulisema ni ajali. Moon alikiri kuendesha akiwa amelewa, bila leseni wala bima, na mahakama haikumpa adhabu. Waliomjua wanasema hakuwahi kulitua lile jambo. Mkewe Kim alivumilia vipigo na fujo mpaka akaondoka na binti yao mwaka 1973. Mashabiki tunairuka sehemu hii kwa haraka kwa sababu inaharibu utani.

Novemba mwaka huohuo wa 1973, kwenye ukumbi wa Cow Palace karibu na San Francisco, alizimia katikati ya shoo baada ya kumeza vidonge. Wakamwamsha, akazimia tena. Townshend akauliza hadhirani kama yupo mtu anayejua kupiga dramu, na kijana wa miaka 19, Scot Halpin, akapanda na kumaliza nyimbo zilizobaki. Kila mpiga dramu chipukizi akiisikia habari hii anajiona yeye ndiye Halpin. Mimi pia. Siku moja nilirudi nyumbani nikasikiliza rekodi ya shoo niliyopiga baada ya chupa tano, shoo ambayo kwa kumbukumbu zangu ilikuwa bora maishani mwangu. Wimbo wa pili ulianza kwa kasi yake na kuisha kwa kasi ya mazishi. Kuna mahali nilisahau kibwagizo kizima, na mwimbaji anasikika akicheka kwa huruma. Tangu hapo kanuni yangu ni soda mpaka vyombo virudi kwenye gari, na najirekodi kila shoo, kwa simu tu, niiweke pembeni ya jukwaa.

Pombe haikumharibia Moon usiku mmojammoja tu. Alipokuwa anarekodi albamu yake ya mwisho na The Who, iliyotoka Agosti 1978, mwili ulikuwa umechoka na umenenepa. Wimbo mmoja unaohesabiwa kwa mapigo sita sita ulimshinda kabisa, na mwishowe ukatoka ukiwa na sauti za hatua za miguu mahali ambapo zingekuwa dramu zake. Akajitetea kwamba bado yeye ndiye mpiga dramu bora duniani wa aina ya Keith Moon. Mimi sentensi hiyo huwa inanichekesha kisha inaniuma.

Alifariki tarehe 7 Septemba 1978, kwenye nyumba aliyoazimwa na mwimbaji Mmarekani Harry Nilsson huko Mayfair, London, akiwa na miaka 32. Kilichomuua ni klomethiazoli, dawa aliyoandikiwa imsaidie kuvuka siku ngumu za kuacha pombe. Vidonge 32 vilikutwa tumboni, 6 vikiwa vimeyeyuka, na hivyo 6 vilitosha.

Alikuwa anajaribu kuacha. Hili nataka ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Kama wewe au mwenzako kwenye bendi anakunywa kila siku na ameamua kuacha, asiache ghafla peke yake chumbani. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa mara moja unaweza kupata degedege, na kuna wanaokufa. Dawa za kutuliza hali hiyo zipo na zinafanya kazi, lakini zikichanganywa na pombe, au zikimezwa ovyo, zinaweza kusimamisha pumzi. Ni kazi ya daktari na wauguzi, na kwa waliozidiwa ni ya kulazwa. Mpiga gitaa wetu wa zamani alijaribu mwenyewe, kimya kimya, asitutie wasiwasi. Siku ya pili tulimkuta sakafuni anatetemeka mwili mzima. Alilazwa, akatoka, leo anafundisha watoto gitaa na ni mkali kuliko walimu wangu wote.

Nafasi ya Moon walipita watu kadhaa. Aliyedumu sana ni Zak Starkey, mtoto wa Ringo Starr, mpiga dramu wa The Beatles; Zak alianza kupiga na The Who mwaka 1996. Alipokuwa mdogo, Moon mwenyewe alimpa seti ya dramu. Msikilize akipiga nyimbo zile za zamani: kelele ipo, na anamsikiliza mwimbaji.

Haihati yangu ilitoka uvunguni zamani. Wiki iliyopita tulikuwa tunafanya mazoezi ya wimbo mmoja wa polepole, na nikaacha mistari minne ipite bila kugusa kitu, namsikiliza dada anayeimba. Mpiga besi, yuleyule, aligeuka kuangalia kama nimelala.