Je, Kuwasifu Madaktari wa Hospitali ya Kanisa Kunapunguza Imani?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mama yangu aliugua mtoto wa jicho hadi akawa anapapasa ungo kutafuta mawe kwenye mchele. Tulimpeleka Hospitali ya Mvumi, ambayo ni ya Kanisa Anglikana, akafanyiwa upasuaji, na sasa anachambua mchele mwenyewe. Nilipowasifu wahudumu wale baada ya swala, mzee mmoja alinikaripia akisema kwamba naitukuza dini yao. Je, nimekosea?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Hukukosea, na mama tunamwombea afya njema.

Mtume (s.a.w.) aliporejea kutoka Taif, ambako alipigwa mawe, hakuweza kuingia Makka bila mtu wa kumpa ulinzi. Aliyekubali ni Mut'im bin Adiy, ambaye hakuwa Mwislamu. Alitoka na wanawe wakiwa na silaha, wakamlinda mpaka akafika kwenye Al-Kaaba. Mut'im alikufa bila kusilimu. Hata hivyo, baada ya Vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Mtume alisema, kama alivyopokea Bukhari, kwamba lau Mut'im angekuwa hai na akamwombea mateka wale, angewaachia kwa ajili yake. Maneno hayo aliyasema wakati masahaba wametoka kupigana na Maquraishi, watu wa kabila la Mut'im mwenyewe, na hakuna aliyeyaelewa kuwa ni kuitukuza ibada ya masanamu. (Ningeweza kumtaja Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi aliyewapa hifadhi Waislamu wa mwanzo, lakini mzee wako angenijibu kwamba huyo alisilimu baadaye.)

Sura ya Al-Mumtahina, aya ya 8, nayo haikatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa sababu ya dini, na kuutaja wema wa mtu kama ulivyo ni sehemu ya uadilifu huo. Kinachonikera mimi ni sifa za shingo upande, kama vile kusema kwamba fulani ni mwema "ingawa ni Mkristo", kana kwamba wema wake ni ajali.

Waandikie wahudumu wale barua ya shukrani, ukieleza walichomfanyia mama. Mzee usibishane naye. Mwombe kwa heshima akusindikizeni siku mama atakaporudi kliniki, hasa kama naye macho yameanza kumsumbua.